Kichwa cha Fardosa na Uzi wa Sweta

Nyinyi wasichana mnaoshika kitana leo, na nyinyi vijana mnaofungua saluni kila kona ya Eldoret kabla hata hamjajua kuosha kichwa, wekeni simu chini kidogo. Nataka kuwaambia mambo ya kazi. Shule mimi sikukaa sana, lakini kichwa cha binadamu nakijua kuanzia kisogo mpaka paji la uso. Nilianza wakati saluni ilikuwa kiti kimoja, kioo cha kupasuka na jiko la makaa la kuchomea kitana cha chuma. Nimeshika kichwa cha bibi ya mchungaji na cha mwalimu mkuu. Nimewasuka wasichana wa kukimbia kutoka kambi za Kaptagat, wale wanataka mistari ya kubana ili upepo usipate pa kushika. Siku hizi nimeketi nyumbani, saluni ni ya binti yangu Chelimo. Kuketi si kunyamaza.

Nianze na hina, kwa sababu hapo ndipo mnapoharibu watu.

Msichana anaingia, ameketi, anasema, "Mama, nilipaka hina, sasa nataka rangi ingine." Wewe unachekelea, unafungua dawa, unapaka. Mjinga! Muulize kwanza, hina gani? Atakwambia, "Hina tu." Hakuna hina tu. Hina ya kweli ni majani yaliyosagwa, inanuka kama nyasi iliyonyeshewa, na rangi yake ni moja, nyekundu ya udongo. Ikishaingia kwa nywele imeingia, haitoki kwa sabuni wala kwa hasira. Hiyo mtaishi nayo mpaka nywele ikue muikate. Lakini kuna ile unga nyeusi ya paketi, ambayo pia wanaiita hina. Ndani yake kuna vitu vya madini ambavyo hata mwenye kuuza hajui. Weka dawa ya kutoa rangi juu ya hiyo, uone.

Mimi niliona. Nilikuwa bado najifunza kazi Turbo, kwa mama mmoja Mluhya aliyeitwa Nereah, mwanamke mnene mwenye mkono mwepesi sana. Alikuja mama wa kutoka Soy, mwenye nywele nyeusi ti, kumbe ni ile unga ya paketi, anataka kuwa kahawia kabla ya harusi ya dada yake. Nereah akampaka dawa, tukaendelea na hadithi. Kidogo yule mama akasema, "Nereah, kichwa kinachemka." Nereah akamwambia ni kawaida. Kidogo tena nikaona moshi. Sisemi mvuke, nasema moshi! Nereah alimshika yule mama shingoni akamtia kichwa kizima kwa ndoo ya maji, na alipomtoa, nywele ilibaki kwa ndoo. Inaelea kama tambi zilizopikwa zikapita kiasi.

Yule mama alivaa kitambaa kwa harusi ya dada yake, na sijui alikivaa mpaka lini. Nereah aliketi kwa mlango, hakula. Halafu akaniita. "Msichana, mimi nimejifunza kwa kichwa cha mtu. Wewe utajifunza kwa glasi."

Na hivi ndivyo glasi inafanya kazi. Unakata nywele kidogo nyuma, mahali hapaonekani. Chukua ile ya mwisho mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo imekula dawa za miaka. Koroga dawa yako kwa glasi, isiwe kikombe cha bati wala sufuria, tumbukiza, na ungoje. Usitoke kwenda kuongea na jirani. Shika glasi kwa mkono. Ikibaki baridi, unaweza kufikiria. Ikipata joto, kama kuna povu, kama kuna harufu ya yai bovu, mwaga, na uambie mteja hapana. Hiyo hapana ndiyo kazi ngumu zaidi kwa saluni. Kusuka ni rahisi.

Nimesema hapana kwa watu wengi, lakini hakuna hapana iliyonisumbua kama ya Fardosa.

Fardosa ni binti wa duka. Watu wake ni Wasomali wanaouza mashuka na mapazia karibu na soko, na wanakaa ghorofani juu ya hilo duka. Nilimjua akiwa mtoto. Nyanya yake, ambaye wao humwita ayeyo, alikuwa akimpaka hina kwa mkono wake mwenyewe, na ile nywele ikakua mpaka ikafika kiunoni. Kichwa kama hicho ukikipata unaosha polepole, kama unaosha mtoto.

Siku moja akaja saluni na mfuko mkubwa. Wakati huo nilikuwa bado nafanya kazi pamoja na Chelimo. Chelimo akavuta pazia la nyuma, mahali wateja wa hijabu huketi.

"Mama Chelimo, naolewa."

"Mungu akubariki. Toa hijabu nione."

Akatoa. Karibu na ngozi nywele ilikuwa nyekundu nzuri ya siku zote. Kutoka masikioni kushuka chini ilikuwa nyeusi ya kufifia, nyeusi ya matako ya sufuria, na kwingine imeingia kijani.

"Hii nyeusi ilitoka wapi?"

"Ni hina pia. Hina nyeusi."

"Hakuna hina nyeusi."

"Paketi imeandikwa hina, Mama."

"Paketi inaweza kuandikwa maziwa na ndani iko simiti."

Chelimo akacheka. Fardosa hakucheka. Akafungua mfuko, akatoa boksi la dawa ya kutoa rangi na lingine la rangi ya kahawia, na picha kwa simu ya binamu yake wa ng'ambo. "Nataka hii. Brown ya chokoleti. Dawa nimekuja nayo, wewe upake tu."

"Sipaki."

"Aki Mama! Si uniwekee tu? Ukikataa naenda kwa mwingine. Town imejaa saluni."

"Nenda. Lakini kabla uende, nipe nywele kidogo kwa mkasi."

Nikakata kipande kidogo kutoka chini, nikakoroga dawa yake mwenyewe kwa glasi, nikatumbukiza, nikamwekea mbele yake. Tukakaa tunaiangalia kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Nikamwambia, "Shika glasi." Akashika, akaachilia haraka.

"Ni moto!"

"Na mimi sijaiweka kwa jiko."

Ile harufu ikapanda. Chelimo akafungua dirisha. Nikavuta nywele kwa ncha ya kitana, ikanyooka kama mpira, ikakatika. Fardosa akaangalia ile glasi, akaweka mkono kichwani kwake polepole, na machozi yakaanza.

"Basi niweke rangi nyeusi yote iwe moja."

Nikamwonyesha boksi. Hata rangi ya kawaida ya boksi ina dawa ile ile ndani, ni kidogo tu kuliko ya kutoa rangi. Kwa kichwa kingine ningejaribu. Kwa hicho, hapana.

"Basi nimekwisha," akasema. "Hujui siku yetu ya kitambaa, Mama."

Nilikuwa sijui. Akaniambia. Kwao, baada ya harusi kuna siku ya wanawake peke yao. Bibi harusi anaketi katikati kichwa wazi, na wamama walioolewa wanakuja mmoja mmoja wakiimba, wanamwekea vitambaa kichwani, kumkaribisha katika ule ukoo wa wanawake wenye nyumba zao. Siku ya harusi yenyewe amejifunika, hakuna anayeona. Lakini siku hiyo ya kitambaa kila jicho liko kwa nywele. Na wamama wa upande wa bwana walikuwa wanatoka Garissa, hawamjui, watamwona hapo mara ya kwanza.

"Watasema nyumba yetu imewapa paka wa mabaka."

Chelimo, ambaye haogopi kitu, akasema, "Mum, tumshonee weave. Brown, refu, tunafunika hiyo yote. Hakuna mtu atajua."

Fardosa akafuta machozi. Tukatoa nywele za kushonea, tukamwekea begani mbele ya kioo, moja ya kahawia iliyoiva, moja yenye mwanga kidogo. Ikampendeza, sitadanganya. Akatabasamu. Tukapanga siku. Hapo ndipo ayeyo alipoingia.

Ayeyo ni mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, mwenye macho kama sindano. Alikuwa ametumiwa habari na nani sijui. Akasogeza pazia, akaangalia ile nywele begani kwa mjukuu wake.

"Nywele ya nani hiyo?"

"Si ya mtu, ayeyo," Fardosa akasema. "Ni ya kiwanda. Ni plastiki."

"Inafanana na nywele?"

"Ndiyo."

"Mtu akiona atafikiri ni yako?"

Fardosa akaanza kuitoa ile nywele begani.

"Basi ni kudanganya. Kwetu mtu haongezi nywele juu ya nywele yake. Utaingia kwa watu na uongo kichwani?"

"Sasa nikae mbele ya wamama na rangi mbili?"

"Hina niliyokupaka mimi ilikuwa rangi moja. Hiyo ingine uliitafuta wewe."

Nyinyi vijana, hapo ndipo wengi wenu mngeanza kubishana na mzee. "Mama, siku hizi dunia imebadilika, kila mtu anaweka." Funga mdomo. Mimi ni mtu wa kanisa, na hata kanisani kwetu niliwahi kusikia mahubiri ya kukataza kutia dawa nywele, na nikanyamaza. Mtu akiketi kwa kiti chako anaketi na Mungu wake. Kazi yako ni kutafuta njia ndani ya kile anachokubali. Ukimdanganya, au ukimshonea kisirisiri, wewe si msusi, wewe ni mwizi.

Kwa hivyo sikubishana. Nilisimama hapo na ile nywele mkononi, nafikiri, na kilichonijia ni Nereah. Ile saluni ya Turbo, kabla ya weave kujulikana huku, tulikuwa tunasuka kwa uzi. Uzi mweusi wa kawaida, unazungushia nywele kutoka kwa ngozi mpaka ncha, inasimama kama antena ya redio. Wasichana wa shule walikuwa wanafuata hiyo. Halafu dawa za kulainisha zikaja, uzi ukaonekana ni wa wazee, mikono yetu ikasahau. Yangu haikusahau.

Nikamuuliza ayeyo, "Mama, na uzi?"

"Uzi gani?"

"Uzi. Wa kufumia sweta."

Chelimo akanivuta nguo. "Mum, uzi ni ushamba."

"Mshamba ni mimi, na wewe nimekuzaa. Nenda kwa wale wamama wanaofuma sweta za shule, ulete uzi wa kahawia. Uchukue kahawia mbili, ya kuiva na ya kuchekea kidogo, yenye mwanga. Na usiniletee ya kujikunja."

Akaenda amenuna. Akarudi. Ayeyo akachukua uzi, akauvuta, akaunusa, halafu akatoa kiberiti kwa mfuko wake wa kifuani. Mimi nimefanya kazi miaka na miaka, mteja hajawahi kuniwashia kiberiti saluni. Akachoma ncha. Uzi ukajikunja ukawa kishanga kigumu. Akanusa.

"Nywele ikiungua inanuka kama kuku. Hii hainuki kuku. Hii ni sweta."

"Ni sweta," nikasema.

"Mtu akiona atajua ni sweta?"

"Kipofu peke yake ndiye hatajua. Na yeye akishika atajua."

Hapo ayeyo akacheka. Meno yake machache yote yakaonekana. "Basi mvalishe mjukuu wangu sweta."

Fardosa hakucheka. Alikuwa anaangalia ule uzi kama mtu ameambiwa aolewe na gunia. Nikamshika kidevu. "Ulitaka kahawia?" "Nilitaka." "Nitakupa kahawia, na nywele yako itabaki kwa kichwa chako. Ikikukataa siku hiyo, nitaifungua na mkono wangu." Nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Ndani niliogopa, kwa sababu kichwa kirefu cha namna hiyo sikuwa nimewahi kukisuka na uzi. Kingeharibika, wamama wa Garissa wangemwona yeye, na Eldoret yote ingeniona mimi.

Tulisuka kwao, juu ya duka, siku moja kabla ya siku ya kitambaa. Sasa sikizeni vizuri, hii ndiyo kazi.

Uzi unaoshwa kwanza na maji ya moto na sabuni. Maji yakitoka na rangi, rudisha dukani. Unaanikwa ukauke kabisa, kwa sababu Eldoret ni baridi, na uzi ukiwa na maji ndani utamfanya mtu aumwe na kichwa na utanuka kama mbuzi wa mvua. Usitumie uzi mwingi kwa rasta moja. Wengi wenu mnajaza, mteja anatembea shingo imeinama kama amebeba kuni. Nywele ndefu tayari ni mzigo, uzi ni wa kuifunika, si wa kuiongezea. Unalaza uzi chini kwa ngozi, nywele inaingia katikati, na uzi unapita juu yake kila unapokunja, ndiyo ile nyeusi na ile kijani zisichungulie. Changanya zile kahawia mbili, uzi mmoja mmoja. Rangi moja peke yake inaonekana kama kofia. Zikiwa mbili, mtu akigeuka zinageuka naye. Na kwa paji la uso, legeza. Mkivuta pale mnang'oa nywele za mtoto wa watu, na zile hazirudi haraka.

Ncha nilifunga fundo dogo. Chelimo alitaka kuchoma na kiberiti. Nikamwambia moto karibu na bibi harusi ni wa jikoni tu.

Tulisuka, mimi kulia, Chelimo kushoto, chai ya viungo inakuja, ayeyo amekaa mkekani anatuangalia mikono. Katikati ya kazi nikamwona Chelimo ameinua rasta moja anaiangalia kwa mwanga. Halafu akasema polepole, "Mum, inakuwa poa." Niliendelea kusuka. Lakini nilisikia.

Siku yenyewe nilialikwa. Nilivaa nguo yangu ya kanisa na leso mpya, nikaketi nyuma karibu na mlango, nikiwa tayari kufungua kama nilivyoahidi. Chumba kimejaa, ubani unafuka, wamama wa Garissa wamekaa mstari wa mbele na dhahabu zao. Fardosa akaletwa, akaketishwa, shela ikatolewa.

Wote wakainua shingo.

Zile rasta zilishuka mpaka kiunoni, nyembamba, zote sawa, na taa ilipozipata zikawa chokoleti kweli, yenye mwanga ndani. Mama mkwe akainuka. Mwanamke mkubwa, mrefu, uso haujafunguka. Akaja mpaka mbele ya Fardosa, akachukua rasta moja kwa vidole viwili, akaivuta kidogo, akaisugua. Nilimwona Fardosa ameshika magoti.

"Hii ni nini?" mama mkwe akauliza.

Fardosa akamtafuta ayeyo kwa macho. Ayeyo akajibu kutoka upande wa pili wa chumba, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Ni sweta! Eldoret kuna baridi!"

Mama mkwe akageuka akamwangalia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika ukuta, na chumba chote kikalipuka. Vigelegele! Wakaja wote kushika, huyu anavuta, huyu ananusa, wanaulizana ni nani amefanya. Mama mkwe mwenyewe ndiye alimwekea kitambaa cha kwanza, lakini kabla hajakiweka alirudisha rasta mbili mbele, zionekane. Fardosa akanitafuta kwa macho mpaka akanipata kule mlangoni. Alikuwa analia tena, lakini kulia huko mnakujua, hakuhitaji leso.

Chelimo akaniambia kwa sikio, "Mum, nimekubali." Nikamwambia ale wali.

Nywele yake chini ya ule uzi ilipumzika. Kila tulipofungua tulikata nyeusi kidogo kidogo, mpaka ikabaki nyekundu ya ayeyo peke yake, na leo imefika mgongoni. Hakupoteza hata mstari mmoja. Lakini hiyo ilikuwa baadaye.

Jumapili ile baada ya siku ya kitambaa, nilikuwa nimetoka kanisani na Chelimo, nimevua viatu. Mzee wangu na vijana wetu, Kiprop na Kibet, walikuwa sebuleni wanaangalia mbio ndefu kwa televisheni, na kijana wa huku kwetu alikuwa mbele. Nikasikia gari langoni. Nikachungulia. Wamama wa Garissa walikuwa wanashuka, na mama mkwe, na nyuma yao Fardosa amemshika mkono ayeyo. Ayeyo akaingia kwanza uani, akanionyesha kichwa chake chini ya shela.

"Mama Chelimo, hawa wanarudi kwao kesho, na wamekataa kwenda bila sweta. Lakini mimi ndiye wa kwanza. Mimi ndiye nilichoma."

Nikarudi ndani. Mzee akainua mkono bila kuniangalia. "Mama Chelimo, ngoja kwanza. Zimebaki kilomita mbili na kijana wetu anaongoza!"

Nikasimama mbele ya televisheni.

"Zimeni hiyo kitu. Mzee, beba kiti chako. Kiprop, beba redio, mtasikia huko huko nani ameshinda. Wote mtoke na mlango wa nyuma mpaka kwa boma ya ng'ombe, na mwanaume asivuke mlango wa hii nyumba mpaka niite. Chelimo, funga mapazia, weka maji kwa moto, na utoe uzi wote."